Kimoja cha Kila Rangi

Dereva alisema hapa ndipo Mwika, nikamwamini kwa kuwa sikuwa na namna ya kumbishia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magurudumu. Mvua za El Nino zilikuwa zimeila barabara, na ile Land Rover iliyotutoa Himo ilipanda ikiyumba kama mtu anayetembea usingizini. Nilishuka na begi langu. Gari likageuza, likamezwa na weupe, mlio wake ukabaki nyuma kidogo, kisha nao ukaisha.

Nimefika mahali pengi nisipopajua. Kwa kawaida mahali hujitambulisha penyewe: kwa harufu, kengele, au mtu anayeuza kitu. Hapa palikuwa na migomba tu, mmoja nyuma ya mwingine, chini yake kahawa, na chini ya kahawa sauti ya maji yaendayo haraka nisiyoyaona. Niliifuata sauti hiyo. Davis, kiongozi wa wapanda mlima niliyekutana naye langoni Marangu, alikuwa ameniambia: "Kwetu kuna chumba kitupu, dada. Fuata mfongo. Maji yanapoingia kihambani utaona ua wa isale. Bisha hodi hapo." Mfongo ni mfereji ambao wazee wao waliuchimba kuyaleta maji kutoka juu, na kihamba ni shamba la ukoo, nyumba ikiwa katikati yake. Nilipanga kulala siku mbili.

"Nani anatembea kwenye mfongo wetu?" sauti ikauliza kutoka migombani.

"Mgeni wa Davis."

"Davis ana wageni wengi. Wewe ni wa kupanda au wa kushuka?"

"Wa kukaa."

"Aa, huyo bado hatujampata." Na kicheko kikatoka kwanza, kisha mwanamke, kichwani mzigo wa majani ya ng'ombe, mkono mmoja ukishika mzigo na mwingine umelala tumboni, ingawa tumbo lenyewe lilikuwa bado halijaonekana. "Karibu. Mimi ni Aikande, mke wake. Yeye yuko juu huko na Wafaransa. Angalia hapo, pana utelezi. Mgeni akianguka siku ya kwanza, mama anasema tumemsukuma."

Hivyo ndivyo nilivyomjua. Aikande alizaliwa Mamba, bonde la pili kutoka hapo, binti wa mkulima wa kahawa. Baada ya darasa la saba alianza kuuza ndizi soko la Mwika, na watu walimwogopa kwa jicho lake: aliutazama mkungu ukiwa bado mgombani akajua utaiva lini na utapikwa nini. Davis alikuwa mpagazi wakati huo. Siku moja alimbebea mkungu wake kichwani kutoka sokoni hadi Mamba bila kuombwa, akidai anafanya mazoezi ya mlima. Alifanya mazoezi hayo kila siku ya soko mpaka baba mtu akauliza huu mlima wake unaishia wapi. Waliishia madhabahuni, usharika wa Mwika, ambako Aikande aliimba sauti ya pili, na bado anaiimba.

Watoto hawakuja. Mimba mbili zilikuja, zikakaa kidogo, zikaondoka. Alinieleza hayo jioni ile ile tukimenya ndizi, kwa sauti ile ile aliyonielezea bei ya mbolea. Kila moja ilipokaribia kuondoka, alisema, aliota ndoto moja: amesimama kwenye mfongo na jembe, zamu ya maji ni yao, na maji hayaji. Anayasikia juu, yanapita, hayaji. Hii ya sasa, ya tatu, ilikuwa inaingia mwezi wa tatu. Hakuwa amenunua hata kitambaa. Alikuwa anasikiliza.

"Safari hii umeota?" nikauliza.

"Safari hii silali vizuri," akasema. "Asiyelala haoti."

Asubuhi ukungu ulipanda kidogo, na nyumba ikaonekana: bati, kuta nyeupe, zizi la ng'ombe mmoja, na ua wa isale, mimea mirefu yenye majani kama panga, iliyopandwa mpakani tangu hakuna anayekumbuka. Mama mkwe, Mama Ruth, aliketi jikoni kando ya moto. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba kwa Kiswahili, kisha akaniuliza kwa Kichagga kama nimelala, kisha akajitafsiria mwenyewe kwa kuniona sijui.

"Davis anasema umezunguka dunia."

"Nimezunguka kiasi, mama."

"Na hukuokota hata mtoto huko njiani?"

"Mama!" Aikande akasema.

"Naulizia tu. Watu wanaokota vitu vingi."

Kisha akafanya jambo ambalo nililitazama kama mtu anavyotazama ibada ya dini asiyoijua. Alishusha kikapu kutoka kwenye chanja juu ya moto. Akachukua sahani ndogo ya bati, ya samawati, iliyobanduka rangi ukingoni. Akaanza kufungua chupa na makopo yaliyokuwa kikapuni, na kutoka kila moja akatoa kidonge kimoja, akakiweka sahanini: cha njano, cha waridi, cheupe kikubwa, cha rangi ya majani makavu, na kimoja laini, kinachong'aa kama asali, mwanga wa mlangoni ukipita ndani yake. Vikiwa pamoja vilikuwa vizuri kutazama. Akamimina kikombe cha maziwa, akampa Aikande kwa mikono miwili.

"Kimoja cha kila rangi," akanieleza. "Cha Mjerumani ni cha mifupa. Mtaliano, damu. Mfaransa sijui, lakini Wafaransa wana ngozi nzuri. Hiki cha mafuta ni cha akili. Kila nchi ina nguvu yake."

Aikande alimeza kimoja kimoja, macho yake mlangoni.

Kikapu hicho waliita kikapu cha mlima. Siku ya mwisho ya safari, wageni wakishashuka, wana desturi ya kugawa walichobakiza: viatu, makoti, chokoleti, dawa. Wapagazi wengine waliomba viatu. Tangu mke wake apate mimba, Davis aliomba vitamini. "My wife, baby," aliwaambia, akionyesha tumbo kwa mikono, na wageni, wakiwa wamechoka na wamefurahi, wakafungua mikoba yao na kumpa. Nani angemnyima? Vikashuka vya kila lugha, vikapanda chanja. Mwanzoni Mama Ruth alivitunza tu kama mapambo. Kisha, wiki mbili hivi kabla sijafika, akaamua mtoto huyu hataondoka kwa kukosa kitu.

"Na vile vya kliniki?" nikauliza. Nilikuwa nimeona bahasha ndogo ya karatasi dirishani, ina vidonge vyekundu vilivyokoza.

"Vile vya bure," Mama Ruth akasema. "Vinamchafua tumbo. Mtu ana vya Ulaya, atameza vya bure?"

Mara mbili kwa wiki aliongeza maini. Aliyapeleleza buchani, akamtumia muuza nyama salamu, na akiyakosa aligomba. Maini ya ng'ombe, yaliyochomwa kidogo, sahani nzima. Binti wa watu hatasema alinyimwa.

Niliomba kuvisoma vile vikopo. Sikuwa na kusudi. Lugha ni kama njia, nikiiona moja nataka kujua inakwenda wapi. Nilikaa kizingitini nikavisoma kwa sauti, Kijerumani, Kitaliano, Kifaransa, nikiwatafsiria, na Mama Ruth alifurahia matamshi, akijaribu kuyaiga. Nilipofika cha tatu, sauti yangu ilianza kupungua. Nilirudi cha kwanza. Nikachukua chupa ya mafuta ya ini la samaki, ile ya asali.

"Mbona umenyamaza?" Aikande akauliza.

"Hizi si nchi tofauti," nikasema. "Ni kitu kimoja. Karibu vyote vina vitamini A, na kila kimoja kimeweka ya siku nzima, huyu wa mafuta zaidi ya siku nzima. Na hiki, na hiki, vimeandika kwamba mwenye mimba asitumie mpaka amuulize daktari."

"Kwa nini?" 

"Hawasemi."

Sikujua zaidi ya hapo, na sikujifanya najua. Mama Ruth alichukua vikopo vyake, akaviweka kikapuni kimoja kimoja. "Wazungu wanaogopa kushtakiwa," akasema. "Huandika vitisho hata kwenye maji ya kunywa."

Kesho yake Aikande alijifunga khanga mbili, akachukua kikapu akakifunika kwa majani ya mgomba kama anayekwenda sokoni, akaniambia nimsindikize. Tulipita njia ya mfongo. Ukungu ulitufungua mbele na kutufunga nyuma, na mara moja, juu kabisa, mahali ambapo mtu hangetafuta kitu, theluji ya kilele cha Kibo ikatokea, haijashikamana na chochote, kisha ikafutwa. Aikande hakuinua kichwa. "Inapenda kutazamwa," akasema. "Ukiizoesha hutafanya kazi."

Zahanati ilikuwa na benchi na muuguzi mmoja, Yuditha, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifunua majani, akatazama ndani.

"Heh! Aikande, umefungua duka la dawa? Mjini wanafungua kila kona, sasa na nyie kihambani?"

"Nimevimeza, sista."

Yuditha akaacha kucheka. Akauliza vingapi, tangu lini, na nini kingine anakula. Aliposikia maini akavua miwani. Akaeleza bila haraka, akiwa ameushika mkono wa Aikande kana kwamba anapima mapigo, ingawa hakuwa anapima.

Vitamini A, alisema, mwili unaihitaji. Lakini ile inayotoka kwa mnyama, kwenye maini na mafuta ya ini la samaki, na ile ya vidonge vya namna hiyo, haitoki mwilini upesi kama maji, inajikusanya. Ikizidi sana kwa mwenye mimba, hasa miezi hii ya mwanzo mtoto anapoumbwa, inaweza kumwumba vibaya. Ile ya papai, karoti na mchicha haina shida hiyo, kwa sababu mwili hutengeneza yake humo kwa kadiri unavyotaka. "Kwa hiyo tatizo si kwamba vitu hivi ni vibaya," akasema. "Ni vizuri, na umevirundika. Chakula kizuri ukikipakua mara tano kwa mtu mmoja, unamlisha au unamwua?"

"Nimemwumba vibaya?" Aikande akauliza. Hakulia. Alisema kwa sauti ya bei ya mbolea.

"Sijui. Sitakudanganya kwamba hakuna kitu, na sitakutisha kwamba kipo. Ni wiki mbili. Wengi wamezidisha na wamezaa salama. Tunaacha leo. Maini pia, mpaka ujifungue. Unachukua vyangu hivi vya damu, vya madini ya chuma na foliki, kimoja kwa siku. Usivimeze na chai wala maziwa, vinapoteza nguvu. Meza na maji, au juisi ya chungwa. Vikikuchafua tumbo, meza usiku unapolala. Na mtu yeyote akikupa kidonge, hata awe askofu, unaniletea mimi kwanza."

Njiani Aikande alisimama mahali mfongo unapogawanyika, akatazama maji.

"Kumwacha mtoto si shida yangu," akasema, ulimi ukiwa umemteleza, kisha akajisahihisha: "Nasema, kuviacha vidonge si shida. Shida ni sahani."

Niliielewa kesho yake. Mama Ruth aliiweka sahani, rangi zote mahali pake, maziwa kando. Aikande akasema, akimwita mama kwa Kichagga, "Samahani mae, leo sinywi. Sista amekataza." Akaeleza yote, vizuri, kama alivyoelezwa.

Mama Ruth alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mkono wangu una sumu," akasema.

"Sikusema hivyo."

"Mimba mbili zimeondoka katika nyumba hii. Wewe ulilala kitandani ukalia, watu wakakuhurumia. Mimi nilikwenda kanisani. Unajua walichosema nyuma yangu? Ruth hamlishi mkwe wake. Ruth ana mkono mkavu. Nilikuwa naimba na ninasikia." Akaisogeza sahani. "Sasa nakulisha, mbele ya mgeni, mbele ya kila mtu, na wewe unanirudishia sahani."

Sahani ilibaki mezani siku nzima. Kuku akaja, akachungulia, akaondoka. Kuanzia hapo Mama Ruth alipika chake na kula peke yake, na jambo hilo katika nyumba ya watu watatu lina kelele kuliko matusi. Mimi nilipaswa kuondoka. Sikuondoka, barabara ilikuwa imekatika tena, nikajiambia ni barabara.

Davis alishuka mlimani siku ya tatu, amechomwa na jua la theluji, na kabla hajavua viatu alitoa mfukoni kopo jipya. "Wafaransa! Hili ni la wajawazito kabisa, mama mmoja daktari kanipa." Akatazama nyuso zetu. "Nani amekufa?"

Akaelezwa na wote wawili kwa wakati mmoja. Alikaa chini. Alikuwa mtu anayejua la kufanya mtu akizimia penye theluji, na hapa hakujua aangalie upande gani. "Mlima unanipa, nikatae?" akasema, si kwa yeyote.

"Ukubali," Aikande akamjibu. "Lakini mlima haujui nina mimba ya miezi mingapi."

Usiku ule nililala nikisikia maji, na kwa muda sikuwa na hakika kama ni ya mfongo au ya ndoto ya Aikande. Alfajiri nikamwona nje, kwenye ua wa mpakani, amesimama kati ya majani yale marefu, ukungu ukimfika kiunoni. Alikata tawi la isale. Akachagua jani moja la tawi hilo, akalifunga fundo bila kulichuma. Akaingia jikoni akapiga magoti, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya mbele ya mtu yeyote, akamnyooshea mama mkwe wake tawi kwa mikono miwili.

Kila mtu huko anajua: isale haikataliwi. Mtu akikuletea, hata kama amekuchomea ghala, unaipokea na neno linaisha. Lakini huletwa na mwenye kosa.

Mama Ruth hakuigusa mara moja. "Una kosa gani?" akauliza. "Kama sista amesema kweli, kosa ni langu. Kama ni uongo, kosa ni lake. Isale ya nini?"

"Nimekunyima kunilisha, mae," Aikande akasema. "Hilo ndilo kosa. Vidonge sivirudii. Naomba unisamehe sahani."

Mama Ruth alitazama tawi lile, na nikaona kitu kikipita usoni pake kama ukungu unavyopita migombani, hakiharibu kitu, kinaacha kila kitu kimelowa. Akalipokea.

"Basi inuka. Sakafu ni baridi, utasema nimekugandisha mtoto." Akasukuma kuni motoni. "Hicho cha bure. Kinamezwa na nini?"

"Juisi ya chungwa. Usiku."

"Vingapi?"

"Kimoja."

"Kimoja tu?"

"Kimoja tu, mae."

Usiku huo aliileta sahani ya samawati. Katikati palikuwa na kidonge kimoja, chekundu kilichokoza, kidogo kama mbegu. Aliibeba kwa mikono miwili, polepole, kutoka jikoni hadi chumbani, kana kwamba imejaa mpaka ukingoni na inaweza kumwagika.

Zile siku mbili nilizozipanga zilikwenda nisijue wapi. Barabara ilitengenezwa, nikakosa sababu, nikakaa bila sababu. Mvua za masika zilipita, baridi ikaja, kahawa ikaanza kuwa nyekundu. Asubuhi Mama Ruth alipika mtori wa ndizi, akakamua machungwa, akamenya papai na kumpelekea Aikande akiwa shambani, akitangaza njiani kwa kila jirani anachobeba na cha nani. Maini alimwachia muuza nyama, ambaye alidhani wamegombana. Vikopo vya Kizungu vilikwenda kwa Yuditha vyote. Hata lile la Wafaransa la wajawazito. Alilisoma kwa msaada wangu, akasema si baya, lakini Aikande tayari ana vyake, na mbili si bora kuliko moja. Kikapu kikabaki kitupu kwenye chanja.

"Sasa nishuke na nini?" Davis aliuliza.

"Soksi," Yuditha alimwambia. "Hakuna mtoto aliyezidishiwa soksi."

Akaomba soksi. "My wife, baby." Zikashuka soksi za sufu, nene, ndefu, za watu wa futi sita, nyekundu, za kijani, zenye mistari. Aikande alizifua kwenye mfongo na kuzianika juu ya ua wa isale, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitayarisha kitu. Mtoto alikuwa ameanza kucheza. Sista alisema moyo wake unasikika vizuri. Mengine tutamwuliza mwenyewe akija. Hilo neno "mengine" lilikaa nasi mezani kila siku, tukalizoea kama tunavyozoea mtu asiyeongea.

"Umeota tena?" nilimwuliza siku moja.

"Nimeota." Alikuwa anachagua kahawa, hakuinua macho. "Nimesimama na jembe. Maji siyaoni bado. Lakini miguu imelowa."

Kwa sababu ya zile mbili zilizoondoka, Yuditha hakutaka ajifungulie juu. Aende Moshi mapema, akae kwa shangazi yake Davis karibu na hospitali ya Mawenzi, asubiri siku zake hapo. Pikapu ya mnunuzi wa kahawa ilikubali kumchukua mbele, Davis nyuma juu ya magunia.

Siku hiyo ukungu ulikuwa mwembamba. Alitoka na kikapu cha mlima mkononi, kimejaa soksi, na juu yake sahani ya samawati imefungwa kitenge. Mama Ruth ndiye aliyeiweka.

"Mwambie huyo shangazi," akasema, "kimoja. Usiku. Asije akatuletea ujuaji wa mjini."

"Nitamwambia, mae."

"Na mafuta ya samaki akikupa?"

"Nampa paka."

"Paka naye mwulize kama ana mimba."

Aikande akacheka, kile kicheko kinachotangulia mwenyewe, akanishika mkono. "Dada wa kukaa," akaniambia. "Ukiondoka kabla sijarudi, sitakusamehe, hata ulete isale ya mlima mzima." Kisha akapanda, polepole, mkono tumboni, na safari hii mkono ulikuwa na kitu cha kushika. Davis akagonga bati. Pikapu ikaenda kati ya migomba, soksi moja ya kijani ikining'inia dirishani, ikawa nusu, ikawa rangi tu, ikaisha.

Tulisimama. Kando ya mlango, lile tawi la isale, ambalo Mama Ruth alikuwa amelichomeka ardhini siku ile ile bila kumwambia mtu, lilikuwa limetoa majani mapya mawili. Aliyatazama, akajifunga khanga upya.

"Usisimame kama mwenye msiba," akaniambia. "Chukua jembe. Leo zamu ya maji ni yetu, na aliyekuwa akiyafungulia amekwenda."

Nikachukua jembe. Tukapanda hadi mfongo unapogawanyika, akanionyesha mahali pa kukata udongo, nikakata, tukangoja tukiwa tumeinamisha vichwa. Yalisikika kwanza juu, mbali, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Kisha yakaja.